Kumwagilia Maua na Miche ya Kwenye Vyungu Hapa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nauza maua na miche kando ya barabara, upande wa Nyegezi. Wateja wanaorudi na mmea unaokufa mkononi ni wengi, na karibu wote huanza hivi: "Lakini nilikuwa namwagilia kila siku." Nimeamua kuyaandika majibu ninayowapa, maana naumia kuona mche nilioulea miezi minne unamalizwa na mtu anayeupenda.

Mmea wa shambani ukikosa maji, mizizi yake hushuka kuyatafuta. Yakizidi, ardhi huyameza. Wa kwenye chungu hauna pa kwenda. Unakunywa ulichompa na unakaa ndani ya ulichomwaga.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Siwezi kukujibu kwa tarakimu, na anayekupa tarakimu bila kuuona mmea wako anakubahatishia. Mrehani uliopandwa kwenye kopo la maziwa, ukakaa juani mwezi wa nane upepo ukivuma, unaweza kutaka maji asubuhi na jioni. Mshubiri kwenye kopo lilelile unamaliza wiki mbili bila kuuliza. Sukuma wiki iliyokomaa kwenye ndoo ya lita 20 hunywa mara nyingi kuliko mche wake wa wiki tatu kwenye ndoo hiyohiyo, kwa sababu ina majani mapana ya kupotezea maji na mizizi imejaa ndoo nzima.

Ukijipangia Jumatatu na Alhamisi, ratiba yako haitajua kwamba jana kulikuwa na mawingu kutwa. Panga siku za kukagua badala ya siku za kumwagilia. Kagua kila asubuhi, ni kazi ya dakika tano, halafu mpe maji yule tu anayeyahitaji. Udongo ndio wa kuulizwa, kalenda haijui kitu.

Nitajuaje kama udongo umekauka?

Kidole chako kinatosha. Kichomeke hadi kiungo cha pili, kama sentimita 4 au 5. Ukikuta ubaridi na udongo unaogandia kwenye ngozi, acha. Ukikuta vumbi linalopukutika, mwagilia. Usiishie kugusa juu. Jua letu la saa tano asubuhi linafanya ngozi ya juu iwe nyeupe kama unga, huku chini ya hapo kuna tope.

Kwa vyombo virefu ambavyo kidole hakifiki, chukua kijiti cha mishikaki. Kisukume hadi karibu na kitako, kiache dakika moja, kichomoe. Kikitoka na udongo ulioganda au kimepata rangi ya unyevu, chini bado kuna maji. Pita pembeni, usitoboe katikati penye mizizi minene.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni uzito. Siku ukimwagilia hadi maji yakatoka chini, nyanyua chungu uone kinavyolemea. Nyanyua tena kesho yake, na siku ya tatu. Baada ya wiki mbili mikono inakuwa imejifunza. Nina mteja mmoja mtu mzima, mayu (mama, kwa Kisukuma) ambaye macho yake yameanza kuchoka. Yeye huisukuma ndoo kidogo kwa mguu. Ikiteleza kirahisi kwenye sakafu, anaita mjukuu alete maji. Bamia zake ni nzuri kuliko zangu.

Chungu cha udongo wa kufinyanga kinasema chenyewe: kikiwa na maji kina rangi iliyokolea na ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinatoa sauti nzito, kikikauka kinapauka na kulia kwa sauti nyembamba.

Namwagilia kila siku, mbona majani yanakuwa ya manjano na mmea unalegea?

Kwa sababu unamwagilia kila siku.

Mizizi inavuta hewa. Kati ya chembe za udongo kuna vijinafasi, na katika udongo wenye afya baadhi ya nafasi hizo zina maji na nyingine zina hewa. Ukimwaga maji juu ya maji, nafasi zote zinajaa. Mizizi inakosa oksijeni, inaanza kufa, vimelea vya ukungu vinaingia, na mzizi uliokufa hauwezi kunyonya maji hata ukiwa umeloa chapachapa. Hapo majani yanalegea, sawasawa na ya mmea wenye kiu. Wewe unaona yamelegea, unaongeza maji. Ndivyo mimea mingi ya barazani inavyokufa.

Bibi yangu alinikatia tawi la yasmini kutoka kwenye ua wake, likashika, nikalihamishia kwenye chungu kizuri cha kung'aa ambacho hakikuwa na tundu chini. Kila jioni nikitoka kazini nalipa maji. Lilipolegea nikalipa asubuhi pia. Nilipolichomoa mwishowe, udongo ulinuka kama kinamasi, na nilipoushika mzizi ngozi yake ilivuka vidoleni ikabaki kamba nyembamba ya kahawia. Bibi alikuwa ameshafariki wakati huo, na ule ua wake ulikuwa umeng'olewa. Tangu hapo sijauza chungu kisicho na tundu, hata mteja akisema atatoboa mwenyewe.

Kutofautisha kiu na kuzama, weka kidole kwanza. Majani yamelegea na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Yamelegea na udongo una maji, hiyo ni mizizi. Kiu hufanya kingo za majani zikauke na kukatika kama karatasi. Maji mengi huanzia majani ya chini: yanakuwa ya manjano, laini, yanadondoka ukiyagusa. Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukitikisa chungu ni dalili nyingine, maana vinazaliana kwenye udongo usiokauka.

Ukigundua mapema, acha kumwagilia, uhamishie mmea kivulini penye upepo, zibua matundu. Ukigundua kwa kuchelewa, uchomoe, kata mizizi yote ya kahawia iliyolainika, punguza na majani, upande upya kwenye udongo mpya wenye unyevu kidogo tu.

Nimwage kiasi gani kwa wakati mmoja?

Mwaga taratibu, kuzunguka udongo wote, mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Ndoo ya lita 20 iliyokauka vizuri, kwa uzoefu wangu, huchukua lita 2 hadi 3 kabla ya kuanza kudondosha. Subiri kama nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Kikombe kimoja kidogo kila siku ni tabia mbaya. Kinalowesha sentimita mbili za juu, mizizi inajazana huko juu, na siku ukisafiri kidogo tu mmea umekwisha. Afadhali kumnywesha akashiba, halafu umwache mpaka ahitaji tena.

Nikimwaga, maji yanatoka chini papo hapo. Je, yameshiba?

La. Udongo ukikauka kupita kiasi unasinyaa na kuachana na kuta za chungu. Maji yanateremka kwenye ule ufa yakatokea chini, na donge la katikati linabaki kavu kabisa. Chukua beseni, weka maji, uzamishe chungu mpaka karibu na mdomo. Utaona mapovu yakipanda, ni hewa inatoka. Mapovu yakikoma, mara nyingi baada ya dakika 20 au 30, kitoe kichuje.

Nimeambiwa niweke kokoto chini ili maji yashuke. Ni kweli?

Nimewahi kufanya hivyo miaka mingi, kama kila mtu, na nimeacha. Maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Udongo wenye vijinafasi vidogo huyashikilia, yanasimama juu ya kokoto mpaka udongo uwe umelowa kupita kiasi ndipo yaanguke. Kwa hiyo lile tabaka la tope ambalo lingekuwa kitakoni unalipandisha juu, karibu zaidi na mizizi. Jiwe moja bapa au kipande cha neti juu ya tundu, kuzuia udongo usitoroke, kinatosha. Kinachosaidia kweli ni matundu yenyewe (ndoo ya lita 20 itoboe walau matano, upana wa kidole kidogo) na mchanganyiko wa udongo.

Udongo gani nitumie?

Hapa kwetu kuna udongo wa aina mbili ambao watu huuchota na kuujaza ndooni moja kwa moja. Kuna ule wa kichanga wa vilimani, ambao Wasukuma huuita luseni. Maji yanapita kama kwenye chujio na virutubisho vinaondoka nayo. Na kuna mweusi wa mbugani, unaoganda ukilowa na kupasuka ukikauka. Wa kwanza utakufanya umwagilie mara mbili kwa siku, wa pili utakuozeshea mizizi. Mimi huchanganya luseni sehemu mbili, mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva sehemu moja, na maganda ya mpunga sehemu moja. Maganda hayo mashineni wanakokoboa mpunga mara nyingi huyapata bure. Samadi mbichi usiweke, inaunguza.

Asubuhi, mchana au jioni?

Asubuhi, kabla jua halijakaza. Mmea unaingia kwenye joto ukiwa umeshiba, na majani yaliyorukiwa na maji yanakauka mapema. Jioni inakubalika kama asubuhi unawahi daladala, ila mwaga kwenye udongo, usiyaogeshe majani; majani yanayolala yameloa hukaribisha ukungu, hasa nyanya na mawaridi.

Kuhusu mchana: wengi wanaamini tone la maji juani linaunguza jani kama kioo cha kukuza. Kwa majani mengi hilo si la kuogopa. Ukiukuta mmea umelegea saa nane na udongo ni mkavu, usiuache uteseke hadi jioni. Upe maji. Lakini kuna mimea, kama maboga, ambayo majani yake hulegea kwenye jua kali hata udongo ukiwa na unyevu, na jioni yanasimama yenyewe. Kidole kwanza.

Angalizo moja: mpira wa maji ulioachwa juani una maji ya moto ndani. Yaache yamwagike pembeni mpaka yapoe.

Naweza kutumia maji ya ziwa?

Mimea haina shida nayo. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya kudhuru. Tatizo ni wewe unayeyachota. Kichocho kipo kwenye ufukwe wetu. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kwa dakika chache. Sitaki mtu apate kichocho kwa ajili ya maua. Kama hamna chanzo kingine, chota ukiwa umesimama penye ukavu, kwenye gati au jiwe, kwa ndoo yenye kamba, usiingie kwenye matete. Maji hayo yaweke kwenye chombo kisicho na konokono siku mbili kabla ya kuyashika. Vile vijidudu haviishi muda mrefu zaidi ya hapo bila kupata mwili wa kuingia.

Maji ya bomba yenye harufu ya dawa? Ya mvua? Ya kisima?

Ya bomba yanafaa. Ukitaka, yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi, ila mimi hutumia moja kwa moja na sijaona madhara. Ya mvua ni mazuri kuliko yote. Kinga kwenye mabati, lakini acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe vumbi kwanza. Ya kisima onja ulimini: yakiwa na munyu, yatumie kwa mchanganyo na ya mvua. Utando mweupe kwenye mdomo wa chungu ni chumvi iliyojikusanya, ya maji au ya mbolea. Mara moja kwa muda mwaga maji mengi masafi yapite mpaka chini, yaondoke nayo.

Na maji ya kuoshea samaki, mchele, au vyombo?

Ya mchele mwaga, hakuna shida, usiyalaze yakachacha. Ya kuoshea sato au sangara yana lishe, lakini juu ya chungu yataleta nzi, na paka wa mtaa mzima watakufukulia mche. Kama ni ya dagaa waliotiwa chumvi, hapana kabisa. Ya sabuni na ya kufulia yaache kwa mti mkubwa uani. Chungu ni kidogo, sabuni haina pa kwenda.

Wakati wa masika napumzika?

Usipumzike kukagua. Kati ya Machi na Mei vyungu vilivyo wazi vinaweza kupata maji ya kutosha kutoka juu, na kazi yako inakuwa kuhakikisha matundu hayajaziba. Lakini vilivyo chini ya paa la baraza vinaweza kukauka huku mvua inapiga bati usiku kucha. Hata kilicho nje, mmea wenye majani mapana hufanya kama mwavuli: mvua inatiririkia pembeni, udongo wake unabaki mkavu. Nimeona hili sana kwa magimbi ya maua. Vuli, kuanzia Oktoba, ni hivyohivyo. Miezi migumu ni Juni hadi Septemba, mvua hazipo na upepo unakausha kuliko jua lenyewe.

Nyumba yetu iko juu kwenye mawe. Mbona maua ya jirani wa bondeni yanastawi na yangu yanaungua?

Ninyi wa Isamilo, Bugando, Mabatini na vilima vingine mna jambo lenu. Yale majabali ni matale, yaani mawe magumu ya graniti. Yanalishwa joto mchana kutwa na kuanza kulirudisha jioni. Laza kiganja chako juu ya jiwe saa mbili usiku, utalisikia bado lina vuguvugu. Chungu kilichowekwa juu ya jabali au kuegeshwa ubavuni mwake kinapikwa chini na pembeni, hata usiku mizizi haipumziki. Ndoo nyeusi ndiyo inayoumia zaidi.

Kinyanyue: vipande viwili vya ubao au matofali chini, upepo upite. Kisogeze mita moja kutoka jiweni. Vyungu viweke vimekusanyika, vinatiliana kivuli na kutunza unyevu. Juu ya udongo tandaza majani makavu au maganda ya mpunga, unene wa vidole viwili. Na ule upepo wa ziwani unaoanza kupanda kadiri jua linavyokaza ni mtamu kwetu sisi, ila kwa mmea wenye majani mororo unamaanisha maji zaidi. Weka kizuizi cha upepo upande huo.

Chungu cha udongo au ndoo ya plastiki?

Chungu cha kufinyanga kinapumua kwenye kuta zake, hivyo kinakauka mapema na ni rafiki wa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji. Ndoo ya plastiki inatunza maji, inamfaa anayesahau. Ukihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, badilisha na mazoea yako.

Mimea gani hunywa kidogo?

Mshubiri, dungusi, zile za jamii ya mkonge wa mapambo, na zamiokulka, yenye majani mazito ya kung'aa na viazi ardhini vya kuhifadhi maji. Hiyo ya mwisho huota porini hapahapa Afrika Mashariki, imezoea kiangazi. Iache ikauke kabisa. Bogonvilia nayo hutoa maua zaidi ikibanwa maji kidogo. Nanaa na magimbi ni kinyume, hayataki kukauka.

Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara (African violet), lililopewa jina la kisayansi mwaka 1893 na sasa linapandwa madirishani dunia nzima, lina majani yenye manyoya. Maji yakituama juu yake huacha mabaka. Litekee kwenye kisahani linywe kutokea chini kwa nusu saa, halafu mwaga yaliyobaki.

Maji kwenye visahani yanaleta mbu?

Ndiyo, na kwetu malaria na dengi si hadithi. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa ni kama wiki moja hadi siku kumi kwenye joto hili. Mwaga kila unapomwagilia, na kila wiki visugue kabisa, kwa sababu mayai ya baadhi ya mbu hubaki yamegandia pembeni hata kisahani kikikauka.

Nasafiri wiki moja, nani atamwagilia?

Kama kuna jirani, mwonyeshe kidole, usimwambie tu "mwagilia". Jirani mwenye huruma anaweza kukuozeshea vyote. Kama hayupo, sogeza vyungu kivulini, mwagilia vishibe, kisha weka ndoo ya maji juu ya kigoda katikati yao. Kata kamba za pamba (shati kuukuu la pamba linafaa, lisokote), zilowanishe, ncha moja ifike kitako cha ndoo, nyingine izikwe udongoni sentimita 5. Maji yatatambaa polepole kama mafuta kwenye utambi wa taa. Jaribu siku tatu kabla ya safari. Mishubiri usiifungie kamba, itakusubiri.

Umekauka kabisa. Niutupe?

Subiri. Kwaruza gome la shina kwa ukucha, anza juu. Ukikuta kahawia kavu, shuka kidogo, kwaruza tena. Ukikutana na kijani chenye unyevu, hata kama ni kidole kimoja kutoka udongoni, mmea uko hai. Kata yote yaliyo juu ya hapo, zamisha chungu kwenye beseni kama nilivyoeleza, kiweke kivulini, na usitie mbolea. Usiongeze maji mpaka kidole kikwambie. Bila majani, haunywi karibu chochote. Haibiskasi iliyoletwa kwangu mwaka jana ikiwa fimbo tupu ilikaa kimya wiki tano, nikawa naikwaruza kila Jumamosi mahali papya, kila mara kijani kipo. Wiki ya sita kikachomoza kijicho chekundu ubavuni, kidogo kama punje ya ulezi.